RADA: JICHO LINALOUTAZAMA MLIMA USIKU NA MCHANA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Katika toleo hili tumeona tueleze elimu moja inayoweza kuokoa roho za watu: kuichunguza miteremko ya milima ya volkano kwa picha za rada.

Kwa nini tunaandika haya?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka kwa kufuata makorongo hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wapo waliodhani volkano imelipuka, lakini haikuwa hivyo. Serikali ilieleza kuwa miamba laini ya mlima ilinyonya maji ikalemewa, ikaporomoka. Hanang ni volkano ya zamani iliyonyamaza. Kumbe mlima wa volkano unaweza kuua bila kutoa moto.

Hapa Mpanda hatuna volkano. Hata hivyo tumo katika ukanda wa magharibi wa Bonde la Ufa, pamoja na Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Ukiufuata ukanda huo kuelekea kusini utafika Mbeya penye Mlima Rungwe, ambao zama za kale uliwahi kuporomoka ubavu wake mmoja. Vijana wetu husafiri, husoma na kuoa katika mikoa yenye milima hii, kwa hiyo elimu hii inatuhusu.

Udhaifu wa mlima unatoka wapi?

Volkano hujengwa kwa tabaka za majivu, mawe na lava zilizorundikana moja juu ya nyingine. Mvuke na gesi za moto hupita ndani yake na kuyaozesha mawe mpaka yanakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Wakati mwingine magma husukuma kutoka chini na kuuvimbisha mlima. Hapo mvua kubwa au tetemeko likitokea, ubavu huweza kukatika.

Rada inafanyaje kazi?

Mfikirie popo. Huruka gizani bila kugonga ukuta, kwani hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Rada hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 700 hivi. Kamera ya kawaida inahitaji mwanga na anga safi. Rada huona usiku, na mawingu ya masika hayaizuii.

Setilaiti moja hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 12, na wataalamu hulinganisha picha mbili. Ardhi ikiwa imesogea, wimbi la pili hurudi likiwa limepishana kidogo na la kwanza. Kompyuta huionyesha tofauti hiyo kwa mistari ya rangi kama upinde wa mvua. Urefu wa wimbi hilo ni kama sentimeta 5.6, na kwa kuwa linakwenda na kurudi, kila mzunguko mmoja wa rangi ni ardhi kusogea sentimeta 2.8 hivi. Jicho la mwanadamu lililosimama palepale mlimani lisingegundua.

Mifano miwili

Julai 2007 matetemeko mengi yalitokea karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa nchi yetu. Picha za rada zilionyesha kuwa ardhi ya Mlima Gelai ilikuwa imepasuka na kusogea kwa sababu ya magma iliyopenya chini yake. Septemba mwaka huohuo jirani yake, Oldoinyo Lengai, alilipuka kwa nguvu.

Mfano wa pili unatoka Indonesia. Tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano ya Anak Krakatau uliangukia baharini, ukasababisha tsunami iliyoua watu zaidi ya 400. Wataalamu waliporudi kuzipitia picha za rada, waliona kuwa ubavu ule ulikuwa ukiteleza kuelekea baharini kwa miezi mingi. Dalili zilikuwepo. Kilichokosekana ni kuzisoma na kuwafikishia watu habari mapema.

Mipaka ya rada

Rada haijui kila kitu. Misitu minene huvuruga mwangwi wake, na miteremko mikali sana huwa na sehemu isizoziona. Tena, siku 12 ni nyingi: inafaa kwa mlima unaoteleza polepole, lakini mvua ya usiku mmoja inaweza kuubomoa kabla setilaiti haijarudi. Kwa hiyo macho ya wanaoishi chini ya mlima bado yanahitajika. Wakiona nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, au mto uliojaa tope ghafla au kupungua maji huku mvua inanyesha, wahame mara moja na kuwaarifu viongozi. Na nyumba isijengwe kwenye mdomo wa korongo, hata kama kiwanja ni cha bei nafuu.

Ndugu wasomaji, mauti na uhai viko mikononi mwa Allah (S.W.). Lakini Mtume (S.A.W.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Kuupima mlima ni katika kumfunga ngamia. Nanyi wanafunzi, msiyakimbie masomo ya hesabu, fizikia na jiografia, kwani atakayezisoma picha hizi kesho na kuwaonya watu kwa wakati anaweza kuwa mmoja wenu, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.