Ini na Dawa za Kifua Kikuu

Haipiti juma pasina mgonjwa wa kifua kikuu, aliyeanza vidonge juzijuzi, kuniuliza anywe nini apate kulisafisha ini lake, kwa kuwa mkojo umegeuka rangi ya chungwa na jirani amemhakikishia kuwa hiyo ni sumu. Rangi hiyo, ambayo huonekana hata katika machozi na jasho, ni ya rifampisini yenyewe, nayo haina madhara.

Ama huko kusafisha, nastaajabu jinsi watu wenye akili timamu wanavyokusadiki. Ini si sufuria iliyoshika masizi hata lingojee kusuguliwa. Lenyewe ndilo lichambualo dawa na sumu zinazoingia mwilini, na ule mchanganyiko wa mizizi uuzwao katika chupa isiyo na jina wala kipimo hulizidishia kazi, ilhali isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, ambazo ndizo ziwezazo kweli kulidhuru, zimekwisha kulielemea. Wala sifa za mti si dhamana ya usalama wake: mwarobaini tunaouheshimu pwani nzima, mafuta yake yamewahi kuwadhuru maini na ubongo watoto wachanga walionyweshwa. Tena mnywaji wa chupa hiyo, macho yakimgeuka manjano, hutuacha matabibu gizani, tusijue mkosaji ni kidonge au mzizi, naye aghalabu huuficha mzizi akakishitaki kidonge. Mbaya kuliko wote ni yule aachaye tiba kwa siri ati ini lipumzike, akarejea baadaye na vijidudu visivyosikia dawa tena.

La kufanya ni hili. Ukipatwa na kichefuchefu kisichokoma, kutapika, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi au macho ya manjano, usimeze kidonge kingine, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, kipimwacho katika damu, kikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na dalili, au mara 5 bila dalili, dawa husimamishwa, kisha hurudishwa moja moja, aghalabu rifampisini ikitangulia. Pirazinamidi ikiachwa kabisa, tiba ya miezi 6 huwa ya 9. Pombe iachwe. Mwenye homa ya ini aina ya B, au virusi vya UKIMWI, apimwe ini kabla ya kuanza. Na aliyekwisha kunywa mizizi aje nayo, hatutamgombeza sana.