Masomo Matatu ya Mtoto wa Turkana

Mwezi wa Januari, mwaka 2026, njia kuu itokayo Kakuma kwenda Lodwar ilipitisha vijana wenye masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa. Safari hiyo ni ya maili sabini na zaidi kidogo, katika nchi kavu yenye miiba na vumbi. Kusafiri na masanduku si jambo jipya katika Turkana, kwa maana watoto wa huko wamezoea kwenda mbali kutafuta shule. Lililokuwa jipya ni majibu yao. Zamani mzee akimwuliza kijana, "Unakwenda kusoma nini, mwanangu?" kijana alijibu kwamba anakwenda kidato cha kwanza, na mzee akaridhika. Safari hii kijana alipaswa kutaja mkondo wake, na baada ya mkondo, masomo yake matatu.

Vijana hao ndio wa kwanza katika Kenya kuingia daraja la kumi, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari pevu. Mpango wao umechukua mahali pa ule wa miaka minane, minne na minne, ulioanza mwaka 1985. Watakaa miaka mitatu, na mwaka 2028 watafanya mtihani wao wa mwisho kabla ya kufikiriwa kwa Chuo Kikuu. Wenzao wa kidato cha tatu na cha nne bado wanamalizia mpango wa zamani, ambao mtihani wake wa mwisho utafanywa mwaka 2027. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na ndugu wawili wanaosoma katika shule moja kwa kanuni mbili tofauti, na mzazi hana budi kuzijua zote mbili.

Kanuni mpya ni hivi. Kila mwanafunzi husoma masomo saba. Manne ni ya wote: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hesabu, na mafunzo ya kuwahudumia watu wa mahali anapoishi. Matatu yaliyobaki huyachagua mwenyewe kwa kufuata mkondo wake. Mikondo nayo ni mitatu: wa kwanza ni wa Sayansi, Ufundi, Uhandisi na Hesabu, wa pili ni wa Elimu ya Jamii, ambao ndani yake zimo lugha, Historia, Jiografia, dini na biashara, wa tatu ni wa Sanaa na Michezo. Mtoto alipokuwa katika daraja la tisa alijaza majina ya shule kumi na mbili, tisa za bweni na tatu za kutwa. Nafasi yake ilipimwa kwa mtihani wa daraja hilo, ambao ulihesabiwa sehemu sitini katika mia, na sehemu arobaini zilizobaki zikatoka katika mtihani wa daraja la sita na kazi alizopimwa nazo na walimu wake shuleni.

Watu wazima waliosoma kabla ya mwaka 1990 hawatakuta jambo geni sana hapa. Kenya ilikuwa na vidato vya tano na sita kwa muda wa karibu miaka thelathini. Mwaka 1961 Chuo cha Strathmore kilifunguliwa mjini Nairobi kwa kusudi hilo hasa, kuwatayarisha vijana wa rangi zote kwa mtihani wa juu wa Cambridge. Wakati huo Wakenya wengi walilijua jina la Lodwar kwa sababu moja tu, kwamba Mzee Jomo Kenyatta alizuiwa huko tangu mwaka 1959 mpaka alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila ruhusa, na shule zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita katika Kenya ulifanywa mwaka 1989. Tanzania na Uganda hawakuviacha vidato hivyo, na hata leo kijana wa Tanzania hutaja masomo yake kwa herufi tatu. Akisema PCB, kila mtu ajua ya kuwa ni Fizikia, Kemia na Biolojia.

Lakini ipo tofauti moja kubwa, na wazazi wengi hawajaiangalia vya kutosha. Yule wa zamani alichagua baada ya kidato cha nne. Alikuwa amekwisha kuzisoma sayansi zote miaka minne, ameyaona matokeo yake ya mtihani, na umri wake ulikuwa wa mtu anayejifahamu. Huyu wa sasa huchagua akiwa mtoto wa miaka kumi na mitano hivi, na pengine hajapata kuishika chupa ya maabara kwa mkono wake. Kosa lake laweza kusahihishwa, ila kwa taabu.

Mfano ulio wazi ni Hesabu. Mwanzoni mpango mpya haukuzifanya Hesabu kuwa za lazima katika sekondari pevu. Watu wengi walinung'unika, na mwezi wa Aprili, 2025, Waziri wa Elimu, Bwana Julius Ogamba, alitangaza ya kuwa zitasomwa na wote. Hata hivyo hesabu hizo ni za namna mbili. Wa mkondo wa sayansi husoma zile kamili. Kwa wa mikondo mingine zimetayarishwa nyepesi zaidi, za matumizi ya maisha. Mtoto akifurahi kwamba amezikimbia hesabu ngumu, yafaa aambiwe mapema ya kuwa uhandisi, udaktari na kazi nyingi za vipimo zimesimama juu ya hizo hizo alizozikimbia. Vyuo Vikuu, katika mpango wa zamani, vimezoea kumdai mwanafunzi wa udaktari Biolojia na Kemia, na mwanafunzi wa uhandisi Hesabu, Fizikia na Kemia. Hakuna dalili ya kuwa mwili wa binadamu au daraja la mto litahitaji elimu pungufu kwa sababu mpango wa shule umebadilika.

Basi mtu na amfikirie msichana wa Kalobeyei, karibu na Kakuma, anayetaka kuwa daktari. Anamwambia baba yake, "Baba, nataka Biolojia, Kemia na Fizikia." Baba, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, anamjibu, "Ni vema, mwanangu. Na ni nani atakayekufundisha?"

Swali la mzee huyo lina maana kuliko karatasi nyingi za maelezo. Kila shule ya sekondari pevu inatakiwa iwe na mkondo wa sayansi, lakini kuandika jina la somo katika ratiba si sawa na kuwa na mwalimu wake. Katika shule changa za nchi kavu mwalimu mmoja huweza kubeba masomo mawili katika madarasa manne, na Kemia ikafundishwa kwa chaki bila moto wala dawa. Msichana huyo akibaki katika shule ya kutwa iliyo karibu, atalala kwao na karo itakuwa nafuu, ila huenda akaona kazi ya maabara mara chache kwa mwaka. Akienda Lodwar, ambako ziko shule za siku nyingi kama Lodwar High School kwa wavulana na Turkana Girls kwa wasichana, atapata bweni na wenzake wengi wa kushindana nao, lakini baba atauza mbuzi, na mwaka wa ukame mbuzi hana bei. Hakuna anayeweza kumwamulia. Linalofaa ni baba na binti waende shuleni kabla ya kukubali nafasi, waonyeshwe maabara, wamwulize mkuu wa shule ni nani anayefundisha Kemia na amekaa hapo muda gani. Mkuu mwema hatachukizwa na swali hilo. Ikiwa jibu ni baya, pengine ni heri kuchagua Biolojia, Kilimo na Jiografia penye walimu watatu hodari kuliko sayansi tatu zenye sifa na zisizo na mtu. Ila ajue ya kuwa kwa kufanya hivyo udaktari utakuwa mbali naye, na asije akaambiwa habari hiyo mwaka 2028.

Wengine hudhani kwamba sayansi ni ya watu wa Nairobi, na kwamba katika Turkana elimu ya kutosha ni ile ya kumpatia mtu kazi ya ofisini. Nchi yenyewe inawakanusha. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Bwana Kamoya Kimeu alivumbua mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, na wataalamu wa ulimwengu mzima walikuja kuitazama. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1. Wageni walikuja na vyeti vya uhandisi na elimu ya miamba, na wenyeji wengi wakalalamika kwamba waliangukia kazi za ulinzi na udereva. Mwaka uliofuata ilitangazwa ya kuwa maji mengi yamo chini ya ardhi huko Lotikipi. Watu walifurahi sana, mpaka vipimo vya baadaye vilipoonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno. Aliyeijua habari hiyo kwanza ni mtu wa Kemia. Tena liko ziwa, lenye samaki na wavuvi, na katika orodha ya masomo mapya limo somo la ufundi wa bahari na uvuvi. Ni ajabu kama somo hilo litasomwa Mombasa peke yake na kukosa mwanafunzi katika Kalokol.

Kwa upande wa Kakuma shauri lina uzito wa namna nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, na watoto wake husoma masomo ya Kenya katika shule kama Kakuma Refugee Secondary na Greenlight. Mtoto aliyeanza shule kwa Kifaransa huko Kongo hulazimika kujifunza Kiingereza na Kiswahili cha mtihani kwa wakati mmoja, hata akawa mzito katika Historia ingawa akili yake ni nyepesi. Kwake Hesabu na Fizikia zaweza kuwa kimbilio, kwa kuwa tarakimu hazibadiliki mpakani. Na kama shule ina mwalimu wa Kifaransa, lugha aliyokuja nayo yaweza kuwa moja ya masomo yake matatu. Mkimbizi pia hutazama misaada ya masomo: ule wa DAFI, unaotolewa kwa fedha za Ujerumani pamoja na nchi nyingine, na ule wa shirika la WUSC la Kanada, lililoanza kuwachukua wanafunzi wakimbizi mwaka 1978. Nafasi hizo ni chache na wanaozitaka ni wengi, na kwa hiyo alama za kila somo hupimwa kama dhahabu.

Mkondo wa Sanaa na Michezo hudharauliwa na wazazi wengi, na katika Kakuma hasa dharau hiyo haina msingi. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilipokwenda Olimpiki mjini Rio, watano katika watu wake kumi walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka katika kambi hiyo, na Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyeibeba bendera. Hata hivyo mtoto asipelekwe katika mkondo huo kwa sababu tu ameshindwa na mingine; mbio nazo zina mtihani wake, nao hauna huruma.

Na juu ya kusoma kwenyewe, kazi haianzi mwaka wa mtihani. Alama zinazotolewa na walimu darasani ziliingia katika hesabu ya kupata nafasi ya daraja la kumi, na wengi waliozipuuza waliliona jambo hilo mwezi wa Desemba 2025. Kwa wale wa mpango wa zamani, tangu mwaka 2023 daraja la mwisho huhesabiwa kwa Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyoyaweza vizuri zaidi. Ila anayetaka kozi fulani bado hutazamwa kwa masomo yanayodaiwa na kozi hiyo, na kupata C+ ya jumla hakumfungulii kila mlango.

Mjini Lodwar kipo Chuo Kikuu cha Turkana, kilichoanzishwa mwaka 2017 kama tawi la Masinde Muliro, na pia kipo chuo cha mafunzo ya uganga cha KMTC. Vijana waliopita njia ya Kakuma na masanduku yao wataanza kubisha hodi katika malango hayo mwaka 2029, kila mmoja na masomo yake matatu mkononi.