Mshipa wa madini si bomba: matumizi ya mshipa, mwamba na mbale

Neno mshipa lina kazi nyingi katika Kiswahili: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata maradhi ya mshipa. Wataalamu wa madini wameliongezea nyingine, mshipa wa dhahabu. Mwanafunzi anayelikuta hapo kwa mara ya kwanza huwazia bomba jembamba linalopenya jiwe kama damu ipitavyo mwilini. Picha hiyo haifai, na mfasiri anayeishikilia hukosea pia istilahi zinazoandamana nalo.

Chukua mfano wa Msalato, kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Kondoa. Uwanda huu wa kati umekaa juu ya miamba ya kale sana, mingi ikiwa ya matale, na katika majabali ya aina hiyo mara nyingi huonekana mistari myeupe ya jiwe gumu liitwalo kwatsi. Mstari huo ni ukingo tu. Kilichomo ndani ni bamba, mithili ya karatasi iliyochomekwa kitabuni, ambayo aliye nje huona ncha yake peke yake. Zamani mwamba ulipasuka. Maji ya moto sana yakapanda kutoka chini yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka. Joto na mgandamizo vilipopungua, madini yakaganda na kuuziba ufa. Kwa hiyo mshipa ni ufa uliojazwa, wala hakuna kinachotiririka ndani yake leo. (Msomaji wa Msalato asikimbilie sururu: mishipa mingi ya kwatsi haina dhahabu hata chembe.)

Kwa kuwa mshipa ni bamba, una vipimo viwili visivyopaswa kuchanganywa. Mwelekeo ni upande unaofuatwa na mstari wake juu ya ardhi, tuseme kaskazini-mashariki. Mwinamo ni pembe ambayo bamba hulalia linaposhuka. Mshipa mkuu wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, husimama karibu wima, ndiyo maana huchimbwa chini ya ardhi, si kwa shimo la wazi. Unene nao haulingani: mshipa huvimba, hubanwa hadi kuwa uzi, na mahali pengine hukatwa ghafla na mpasuko uliosogeza mwamba baada ya mshipa kuumbika. Hapo mchimbaji husema mwamba umepotea, ingawa umehamia kando tu.

Mshipa ulioinama una jiwe juu yake na jiwe chini yake. Wachimbaji wa Kiingereza huliita la juu kwa jina la ukuta unaoning'inia, na nimewahi kusoma tafsiri iliyoandika hivyo hivyo, “ukuta unaoning'inia”, katika maelekezo ya usalama. Msomaji atatafuta kitu kinachobembea. Napendekeza ukuta wa juu na ukuta wa chini, na panapohusu hatari, iongezwe wazi kwamba ukuta wa juu ndio ulio juu ya kichwa cha mchimbaji, nao ndio unaoegemezwa kwa matimba usiporomoke.

Wachimbaji wadogo wenyewe hutumia mshipa kwa nadra kuliko vitabu. Wao hufuata mwamba. Jiwe lenye dhahabu walitoalo humo ni mbale, na shimo waingialo ni duara. Tofauti hii ina maana. Mshipa ni umbo lililomo ardhini, ilhali mbale ni jiwe lililokwisha kung'olewa, tayari kupelekwa kwenye karasha. “Mgodi una mbale nyingi ardhini” ni sentensi yenye walakini. Afadhali: “Mshipa huu utatoa mbale nyingi.” Sekenke, huko Iramba mkoani Singida, Wajerumani walichimba mishipa ya kwatsi yenye dhahabu, na dhahabu ya huko ikatumika kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916. Sarafu hizo zilikuwa mbale kabla ya kuwa fedha.

Mwinamo ndio unaozaa ugomvi. Mpaka wa leseni huchorwa juu ya ardhi na kushuka wima, lakini mshipa hauujui. Ukiinama kwa nyuzi 45, kila mita moja ya kina huusogeza mita moja kando. Aliyeanza kuchimba mita 20 kutoka mpakani, upande ambao mshipa unaelekea, atakuwa kwa jirani akifika kina cha mita 20. Huko Mirerani, ambako tanzanaiti hufuatwa ndani ya matabaka yaliyoinama, vichuguu vya wamiliki tofauti hukutana gizani, na tukio hilo lina jina lake: mtobozano, wingi mitobozano. Limeundwa sawasawa kabisa: toboa, toboza, tobozana, kisha nomino, kama gongana ilivyozaa mgongano. Hutumika hivi: “Kamati ilishuka mgodini kupima mtobozano kati ya vitalu viwili.”