Chakula Kipya Kijaribiwe Kabla ya Sikukuu



Siku hizi hata huku vijijini kwetu wazazi wengi huadhimisha siku ya kuzaliwa ya mtoto. Bibi na babu wanaalikwa, majirani nao wanafika. Mama anataka apike kitu kisichozoeleka nyumbani. Ni jambo zuri. Lakini mara nyingi chakula hicho hupikwa kwa mara ya kwanza siku ileile, wageni wamekwisha kaa mkekani. Kikiharibika, unga umekwenda, mafuta yamekwenda, na fedha ndiyo basi tena. Kwa hiyo tunasema: chakula kipya tukijaribu kwanza, tena kwa kipimo kidogo.

Tuchukue mfano wa maandazi ya viazi lishe.

Faida ya viazi lishe

Viazi lishe ni viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Rangi hiyo inatokana na kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akipungukiwa vitamini hiyo, maradhi humpata kwa urahisi. Jioni giza likiingia haoni vizuri, na hali ikizidi anaweza kupofuka. Basi chakula cha furaha kiwe pia chakula cha afya.

Vipimo vya kujaribia

Unga wa ngano vikombe 2
Viazi lishe vilivyopondwa kikombe 1
Sukari vijiko 3 vya chakula
Hamira kijiko 1 cha chai
Chumvi na iliki kidogo
Maji ya vuguvugu
Mafuta ya kukaangia

Namna ya kupika

1. Chemsha viazi pamoja na maganda yake. Vikiiva, vimenye na kuviponda. Acha vipoe, maana viazi vya moto sana huiua hamira na maandazi hayaumuki.

2. Changanya unga, sukari, chumvi, iliki na hamira. Tia viazi, kisha ukande. Maji yatie kidogo kidogo, kwa sababu viazi vyenyewe vina maji. Ukiyamimina yote kwa pamoja, unga utakuwa tope.

3. Kanda kwa dakika 10. Funika, uweke mahali penye joto kwa muda wa saa 1 hivi, mpaka donge liumuke.

4. Sukuma, kata, kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali huunguza nje, na ndani hubaki mbichi.

Tuandike tulichofanya

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotufaa. Chukua daftari, andika umetumia nini na yametoka maandazi mangapi. Tuseme yametoka 12. Siku yenyewe tunategemea watu 24, na kila mtu ale mawili. Yatahitajika maandazi 48, yaani mara 4 ya yale ya kwanza. Basi tutahitaji unga vikombe 8, viazi vikombe 4, sukari vijiko 12 na hamira vijiko 4. Mnaona? Tunakwenda dukani tukijua tunanunua nini, wala hatukopi.

Tahadhari juu ya karanga

Wengine hupenda kujaribu mchuzi wa karanga. Ni mtamu na unajenga mwili, lakini tuzichambue karanga vizuri. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi tuzitupe, hata kama zinauzwa rahisi. Ukungu huweza kuleta sumu iitwayo sumukuvu, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016, watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Watoto wadogo wasipewe karanga nzima, kwani huweza kuwakaba. Zitwangwe zilainike kabisa. Tena wapo watoto ambao miili yao haipokei karanga. Kwa hiyo siku ya kujaribu, mtoto aonjeshwe kidogo tu, kisha tumwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida, apelekwe zahanati mara moja. Afadhali tujue siku hiyo kuliko siku ya shughuli.

Haya ndugu, jikoni siyo kazi ya mama peke yake. Baba naye achemshe viazi, watoto wahesabu vikombe. Haba na haba hujaza kibaba.

Tujadiliane

1. Kwa nini viazi vipoe kabla ya kutiwa hamira?
2. Wageni wakiwa 36, kila mmoja ale mawili, unga uwe vikombe vingapi?