Magaga si uchafu, walimu tusiyacheke

Yapo maradhi ambayo watu huyaonea huruma, na yapo mengine ambayo watu huyacheka. Magaga, yaani ule ukavu wa nyayo unaopasuka hata kisigino kikafanana na ardhi ya kiangazi, yamo katika kundi la pili. Mwenye kuumwa na jino hupewa pole. Mwenye magaga hupewa majina. Nami nimefundisha muda wa kutosha kujua kwamba mengi ya majina hayo hutungwa darasani, na mara nyingine, kwa aibu yetu, mtunzi huwa ni mwalimu.

Hapa Kiwanjani, mtaa wa Isiolo ambao jina lake latokana na kiwanja cha ndege, hakuna haja ya kumweleza mtu ukavu ni kitu gani. Kati ya Juni na Septemba mvua husahaulika, upepo huvuma mchana kutwa na vumbi huingia hata katika sufuria iliyofunikwa. Watoto huenda shuleni kwa patipati au akala, visigino vikiwa wazi. Katika hali hiyo, kisigino kisichopasuka ndicho cha kushangaza.

Licha ya hayo, katika shule moja ambayo sitaitaja, nilishuhudia wanafunzi wakipangwa mstari na kuamriwa wavue viatu. Msichana mmoja alisimamishwa mbele ili wenzake wajionee "uchafu" wa miguu yake. Wiki nzima hakuonekana darasani. Baadaye mamaye alinieleza kwamba binti yule alikuwa akiisugua miguu yake kila alfajiri kwa sabuni ya kufulia, kisha anatoka mbio kuwahi kengele.

Msomaji mpendwa, hapo ndipo penye kejeli kubwa. Ngozi ya wayo haina vitezi vya mafuta kama vilivyo usoni au kichwani. Ina vitezi vya jasho tu. Tena ndiyo ngozi nene kuliko zote mwilini. Sabuni kali huondoa hata ule unyevu mdogo uliopo, na upepo humaliza kazi. Mtu anapokanyaga, uzito wote huangukia kisigino, nyama yake ikatanuka pembeni. Ngozi laini ingefuata, lakini ngozi kavu haivutiki, hivyo hupasuka. Viatu vilivyo wazi nyuma huiachia nyama hiyo nafasi ya kutanuka zaidi. Kwa hiyo binti yule hakuwa mchafu. Alikuwa akijiosha hata akazidisha yale aliyokuwa akiyakimbia.

Aidha, tusichanganye magaga na sugu. Ngozi ngumu ya mtu aliyezoea kutembea bila viatu si ugonjwa. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao, ambao walipima nyayo za watu wa hapa kwetu Kenya pamoja na Wamarekani. Waligundua kwamba sugu nene haimpunguzii mtu hisia ya ardhi anayoikanyaga, jambo ambalo soli nene ya kiatu hufikiriwa kulifanya. Mchungaji wa Isiolo mwenye nyayo ngumu amevaa kiatu alichojishonea mwenyewe. Matatizo huanza pale ngozi hiyo inapokauka na kufunguka.

Basi tiba yake ni ipi? Ni rahisi, ila ina utaratibu wake, na wengi huukosea. Miguu ilowekwe katika maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika 10 hivi. Najua kwamba wengi wetu hununua maji kwa mtungi, na kumwambia mtu aloweke miguu ni kama kumtania. Lakini nusu beseni ya maji yaliyosalia baada ya kuoga yatosha. Kisha ngozi iliyokufa isuguliwe polepole kwa jiwe, miguu ipanguswe, na kabla haijakauka kabisa ipakwe mafuta. Hapo "kabla" ndipo penye siri. Mafuta ya mgando kama Vaseline, ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza huko Marekani mwaka 1872, hayaongezi maji katika ngozi hata tone. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasitoke. Anayejipaka asubuhi juu ya ngozi kavu, kisha akatoka kwa patipati, amejitengenezea gundi ya vumbi. Ajipake usiku, avae soksi, alale. Nyanya mmoja jirani yangu hutumia samli badala ya mafuta ya dukani, na visigino vyake vinanitia wivu.

Magaga sugu huhitaji krimu yenye yurea, ambayo hulainisha ngozi ngumu na kuvuta maji. Yurea hiyo ndiyo Friedrich Wöhler aliyoitengeneza maabarani mwaka 1828, na ndiyo iliyomo katika mbolea. Lakini, mwanafunzi wa kemia, tafadhali usikimbilie gunia la shambani. Nenda kwenye duka la dawa. Wembe nao uwekwe mbali. Nimeona mabweni ambamo wembe mmoja huzunguka visigino vya kitanda kizima hadi cha pili, ilhali damu hubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini.

Ama kuhusu ule ukaguzi wa mstarini, msimamo wangu ni kwamba ukome. Kifungu cha 28 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na sijaona mahali kilipomtoa mtoto mwenye magaga. Mwalimu anayetaka miguu safi na afundishe haya niliyoyaeleza. Kipindi kimoja chatosha.

Na lipo jambo zito zaidi ya aibu ya shuleni. Kisukari huweza kuharibu neva za miguu, nazo zikiharibika jasho hupungua na hisia hupotea. Mgonjwa hupasuka kisigino asihisi. Ufa huingiwa na viini, huwa donda, na kuna wanaokatwa mguu kwa sababu ya mwanya ambao ungeweza kuzibwa kwa mafuta. Mgonjwa wa aina hiyo asiloweke miguu muda mrefu, na maji yake yapimwe na mtu mwingine, kwani yeye aweza kuungua bila habari. Mwanafunzi mwenye babu au nyanya wa namna hiyo amwombe ruhusa ya kumtazama nyayo kila jioni, taa ikiwa karibu, hata katikati ya vidole. Akiona ufa unaotoa maji, au uvimbe wa moto unaopanda kuelekea kifundo, wampeleke hospitali siku hiyo hiyo, wasingoje Jumatatu.