Tulirithi Mbio, Hatukurithi Mifupa Iliyokomaa

Mtu akianza kukimbia baada ya miaka mingi ya kukaa kitini, moyo na mapafu humkubalia upesi kuliko mifupa. Baada ya wiki kadhaa pumzi inatosha, naye anaongeza kilomita. Hapo ndipo pia ya goti inapoanza kuuma, au muundi, au kisigino. Wengi huhitimisha kwamba binadamu hakuumbwa kukimbia. Masalia ya kale yanasema vingine.

Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya kijana wa jamii ya Homo erectus aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Miguu yake ilikuwa mirefu, na umbo lake lilikaribia sana letu. Mwaka 2004, wanasayansi Dennis Bramble na Daniel Lieberman walitoa hoja kwamba mbio za masafa marefu zilichangia kuunda mwili wa namna hiyo. Sokwe ana kano fupi mno ya kisigino. Yetu ni ndefu, hujinyoosha kama mpira wa manati na kurudisha nguvu katika kila hatua. Msuli mkubwa wa tako, ambao hufanya kazi kidogo tunapotembea mahali tambarare, hukaza tunapokimbia ili kiwiliwili kisianguke mbele. Tena tuna ngozi isiyo na manyoya mazito na tezi nyingi za jasho, hivyo tunaweza kwenda mbali juani bila mwili kuchemka.

Basi maumivu yanatoka wapi? Kwa muda lawama zilielekezwa kwenye viatu. Mwaka 2010, Lieberman na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kwenda peku, wakiwamo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na hivyo hukwepa kishindo cha ghafla cha kisigino. Lakini utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao waliozoea kwenda peku, ulikuta wengi wao hutua kwa kisigino katika mwendo wao wa kawaida. Hakuna mtuo mmoja ulio sahihi kwa wote. Kutua kwa mbele hupunguzia goti mzigo na kuuhamishia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Kwa hiyo anayevua viatu vinene ghafla na kukimbia peku anaweza kujitafutia nyufa katika mifupa ya unyayo.

Sababu ya nyufa hizo imo ndani ya mfupa wenyewe. Ukipata mzigo mpya, seli zake kwanza hula sehemu iliyochoka, kisha nyingine hujenga upya. Kula huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Katikati ya kazi hizo mbili mfupa huwa dhaifu, na huo ndio wakati mkimbiaji mpya hujiona ana nguvu kupita kiasi.

Kwa hiyo ongeza umbali kidogo kidogo, pumzika siku kadhaa kila wiki, fupisha hatua. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi ukipabonyeza, yanataka daktari, si uvumilivu. Nazo shule zisiachie viwanja vyao vigeuzwe majengo: mifupa imara hujengwa zaidi utotoni, kwa kukimbia na kuruka kila siku.