Koili ya Pikapu Iko Wapi?

Mwanachama mwenzetu aliyehamia Mkolani, Mwanza, kwa biashara, ametuletea swali ambalo yafaa walisikie wote wenye pikapu za kuchukulia karafuu. Gari lake huondoka vizuri asubuhi, hupita Buhongwa, na likikaribia Usagara huzima ghafula. Akingoja nusu saa, huwaka tena. Amekwisha kubadilishiwa plagi na kabureta, na ugonjwa ni ule ule. Sasa ameambiwa ni koili, naye auliza iko wapi.

Kwanza, gari lanywa nini? La dizeli halina koili. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Mtu akitaka kukuuzia koili ya dizeli, mkimbie.

La petroli halina budi kuwa nayo. Koili huchukua umeme wa betri, volti 12, ikauzidisha hata ukapita volti 20,000, ndipo cheche iweze kuruka katika plagi. Ndani mna nyaya mbili zilizozungushwa: mmoja mnene wa mizunguko michache, na mwingine mwembamba kama unywele, wa mizunguko maelfu.

Katika pikapu za zamani koili ni mkebe wa mviringo, mwembamba kuliko kopo la maziwa, uliofungwa kwa bolti ubavuni mwa chumba cha injini. Zima gari, fungua boneti, utafute kifuniko cha distribyuta, pale zitokapo nyaya nene ziendazo kwenye plagi. Mmoja hutoka katikati. Ufuate huo kwa kidole. Unapokomea ndipo ilipo koili, nayo ina nyaya mbili nyembamba kando ya kichwa chake.

Kama kifuniko hakina waya wa katikati, huenda koili imo ndani ya distribyuta yenyewe. Na Hilux za injini 1TR na 2TR hazina distribyuta kabisa. Kila plagi imevikwa koili yake. Ikifa moja katika hizo, injini hutetemeka na kukosa nguvu, lakini kwa kawaida haizimi.

Ugonjwa wa ndugu yetu wafanana sana na wa koili moja iliyochoka: ikipata moto umeme huvuja ndani, ikipoa hupona. Kwa hiyo haifai kuipima asubuhi, maana itaonekana nzima. Fundi aipime pale pale gari lilipozima, kabla haijapoa. Atazame pia kama mkebe unatoa mafuta, au kichwa kina ufa. Sisi wa visiwani tukipanguse kichwa hicho mara kwa mara, kwani unyevu wa chumvi huupa umeme njia ya kukimbilia. Injini ikiwaka, mkono usifike hapo.

Wenye magari ya platini wasiache swichi wazi injini ikiwa imezima, koili huungua. Na kabla ya kununua mpya, soma maandishi ya ile kuukuu. Nyingine hutaka rezista ya nje, na ukiifunga bila hiyo haitadumu.